Trafiki wa Betri ya Bomba la Pamba

Nilitoka nyumbani Kamunyonge kwa ajili ya betri moja iliyobaki ya bomba la kupulizia dawa. Ya kwanza ililipuka ikiwa kwenye chaji, ikaunguza nyumba yangu na mke wangu Wegesa akiwa ndani. Mimi niliokoka na huu mkono wa kushoto, vidole vimeshikana. Ya pili, pacha wake, nilimpelekea mwenyewe baba mkwe kule Mwitongo, Butiama, apulizie pamba. Walimzika Wegesa mimi nikiwa hospitali, na tangu hapo mzee hapokei simu yangu. Siku niliyoruhusiwa ndiyo nilikumbuka ile ya pili.

Asubuhi nilipanda gari Musoma mpaka Bunda. Sikwenda Butiama moja kwa moja, maana mzee hawezi kukupa betri ukimwendea mikono mitupu wakati wadudu wako shambani. Ilibidi nimpelekee nyingine.

Saa nne nilikuwa Guta, kwa fundi Masatu aliyezifunga betri zote mbili. Aliponiona akaacha kuchomelea.

"Pole, shemeji."

"Pole kaa nayo. Uliweka nini mle?"

Akafungua betri ya mtu mwingine kunionyesha. Seli nne zimepangwa mstari, na kibodi, kile kibao kidogo cha nyaya, chenye chipu nyeusi kama punje ya mtama. Kazi ya chipu ni kuangalia kila seli: ikijaa kupita kiasi inakata chaji, ikiishiwa inazima bomba.

"Yako ilikuwa na seli moja mbovu," akasema. "Chipu ikawa inakatakata. Nikatoa ya seli nne, nikaweka ya seli tatu. Ile mbovu nikaiacha humo humo, haina wa kuiangalia. Ya mzee hivyo hivyo."

"Nani alikutuma?"

"Shemeji, si wewe? Ulisimama hapo hapo ukacheka. 'Masatu, nitolee huyu trafiki, ananisimamishaga katikati ya shamba!'"

Nilikaa kwenye ndoo yake. Ni kweli nilisema.

Alipoanza kufunga betri nyingine ya kumpelekea mzee alishika kibodi cha karibu. Nikamzuia. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini kuhesabu najua: cha seli nne kina nyaya tano ndogo, cha seli tatu kina nne. Nikachagua mimi, nikahesabu mara tatu.

"Itakatakata," akanionya. "Seli zenyewe kuukuu, Magesa wa dukani Bunda huzivalisha ngozi mpya tu."

"Ikate."

Saa tisa nilishuka Kiabakari, bodaboda ikanifikisha Mwitongo. Baba mkwe alikuwa mlangoni.

"Umefuata nini? Binti mwingine sina."

Nikampita, nikaingia ndani. Betri yake ilikuwa kwenye chaji juu ya magunia ya pamba, nikaigusa: moto kama uji. Nikaing'oa, nikaikimbiza mpaka kwenye mwamba mbali na nyumba. Nikarudi, nikapiga goti, nikamtajia waliomuua mwanawe. Masatu, aliyeweka chipu ya seli tatu kwenye seli nne. Magesa wa dukani Bunda, anayevalisha seli zilizochoka ngozi mpya na kuziuza. Na mimi, baba, niliyeagiza.

Mzee hakunipiga. Alichukua ile betri mpya niliyomletea, akaifunga kwenye bomba, akaenda shambani. Nikamfuata.

Katikati ya mstari bomba likazima.

"Limekufa hili."

"Hapana, baba. Limesimamishwa. Likipumzika litawaka."

Akalitazama, akautazama mkono wangu. Akaketi kwenye tuta, mimi nikaketi mbali kidogo, kama mkwe anavyokaa.

"Na la kwenu lilikuwa linasimamaga hivi?"

"Lilisimamaga."

"Wegesa alisemaje?"

"Alisemaga afadhali, tunywe maji."

Mzee akafunika uso kwa kofia. Tukakaa hapo mpaka bomba lilipowaka.

Jua linazama nilikuwa Kamunyonge, kwenye chumba cha kupanga. Nilichojifunza safari hii ni hiki tu: kile kilichonichelewesha shambani ndicho kilichomlinda mke wangu nyumbani, na nilikitoa kwa mdomo wangu huku nacheka.