Nilianua Nguo Zangu, Nikaziacha Karafuu za Bi Raya

Makosa ni yangu. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili usije ukanionea huruma kabla hujasikia nilichofanya. Sikudanganywa na mtu wala sikulazimishwa. Nilisimama dirishani na akili zangu timamu, nikaitazama mvua ikizinyeshea karafuu za jirani yangu, na sikutoka.

Mimi ni mwanamke wa bara, Mkristo, mume wangu ni mtumishi wa serikali. Tulihamia Pemba mwanangu wa kwanza akiwa tumboni, tukapanga nyumba pembezoni mwa Chake Chake, upande wa Madungu. Jina langu niachieni mwenyewe, maana Wakristo huku ni wachache na tunajuana wote. Najua wapo watakaonitambua hata hivyo. Basi na wanitambue!

Jirani yangu wa ubavuni alikuwa mjane mmoja, mtu mzima, nitamwita Bi Raya ingawa si jina lake. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeezekwa makuti, na makuti yenyewe yameshachoka. Nilipojifungua sikuwa na mama wala dada kisiwani hapa. Nilikuwa nimekaa kitandani nalia pamoja na mtoto, nikasikia hodi, na kabla sijaitikia ameshaingia.

"Miye jirani yako, mwanangu. Nipe huyo ntoto, weye lala."

Ndiye aliyenikanda kwa maji moto. Ndiye aliyenipikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mwanangu mpaka kitovu kikakatika. Sikumwita, sikumlipa, na hakuwahi kunikumbusha. Ramadhani ikifika, kila magharibi sahani ya futari ilikuja kwangu imefunikwa kawa, muhogo wa nazi leo, ndizi kesho, na alijua vizuri kabisa kwamba mimi sifungi!

Mimi nilimlipa kwa Krismasi.

Jamani, Krismasi nilikuwa moto! Ndiye niliyekuwa nawaongoza akina mama wa kanisani kwetu. Tulichanga, tukanunua mchele, sukari, mafuta na kanga, tukafunga mifuko na kuipeleka kwa wajane na wagonjwa, bila kuuliza huyu wa dini gani. Kuku wa kwangu nilimwita mpwa wake Bi Raya aje achinje, ili na majirani wale bila wasiwasi. Na picha nilipiga! Bi Raya kashika mfuko upande mmoja, mimi nimeshika upande wa pili, nacheka meno yote nje. Ikaenda kwenye kundi la wasapu, watu wakaweka mioyo na mikono ya kupiga makofi, nami nikawa naifungua simu kila baada ya muda kuangalia nani kaongeza.

Tena Krismasi moja nilipewa maiki kanisani. Nikasema Mwokozi wetu alizaliwa pa kulazia mifugo kwa sababu watu walikosa nafasi ya kumkaribisha, kwa hiyo sisi upendo wa Krismasi tusiufungie kabatini pamoja na mapambo, uwe wa mwaka mzima. Watu wakasema amina. Mimi mwenyewe nililia kidogo kwa jinsi nilivyosema vizuri.

Sasa sikia Agosti iliyofuata.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Bi Raya alikuwa na mikarafuu michache aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mwaka ule ilizaa mpaka matawi yakainama. Alisema safari hii Mungu kamkumbuka, ataezeka bati kabla ya mvua za vuli, maana ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kulegea kwa kuvujiwa. Kila jioni alikaa na mashoga zake wakichambua karafuu, mchana anazianika juu ya majamvi mbele ya nyumba. Zilikuwa zimebakisha jua kidogo tu zikauke.

Asubuhi hiyo akaja uwani kwangu amevaa baibui.

"Mwanangu, nakwenda mazikoni Wingwi, kafa ntoto wa ndugu yangu. Niangalizie hizi karafuu. Kukifanya wingu zianue, uzitupe humo ndani, nlango nauacha wazi."

Nikamwambia, "Nenda tu Bi Raya, usijali. Poleni sana."

Mdomo ulisema hivyo. Moyoni nilikuwa nimenuna. Nilikuwa na nguo za wiki nzima za kufua, nimechoka, na nikajisemea, huyu naye! Krismasi nimempa mchele, nimempa sukari, nimempa kanga, na sasa nimekuwa mlinzi wa karafuu zake? Ndivyo nilivyowaza. Naona aibu hata kuyaandika maneno haya, lakini nimesema nitasema yote.

Ukikaa Pemba unajifunza jambo moja mapema. Wingu likifunga, watu huacha walichokishika wakakimbilia karafuu, za kwao na zisizo za kwao. Mpita njia asiyekujua atavua viatu, aingie kwako, akusaidie kukunja jamvi, kisha aende zake. Hata mliyegombana naye atakuja, mtanuniana mkishamaliza. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu msimu baada ya msimu.

Adhuhuri mvua ya mchoo ikaja, ile ya Agosti isiyopiga hodi. Nikatoka mbio uwani nikaanua nguo zangu zote, mashuka, sare za mtoto, mpaka vitambaa vya kochi. Nikaingia ndani nikazirundika kwenye benchi la ukumbini, kavu kabisa, nikafurahi nimewahi. Kisha nikaenda dirishani.

Mtaa ulikuwa mtupu, wengi wamekwenda mazikoni. Yale majamvi yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Nikasema, ngoja, itapita. Nikasema, nikitoka nitalowa na hivi nina mafua. Nikasema, atakuja mtu. Mvua ikazidi. Maji yakaanza kutiririka kutoka juu, yakapita chini ya majamvi, na karafuu zikaanza kuogelea kuelekea mtaroni, nyeusi, nyingi, kama siafu. Hapo ndipo ningetoka hata kwa aibu, si ndiyo? Sikutoka! Nilijiambia sasa nimeshachelewa, na nikaliteremsha pazia.

Ee Mungu wangu, lile pazia!

Bi Raya alirudi alasiri, baibui limemganda mwilini. Nilimsikia akisimama pale nje. Hakupiga kelele. Nilimsikia tu akisema, "Laa ilaha illallah," taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa pili kwa siku moja. Kisha akaja kwangu.

"Mwanangu, kwema? Uli nzima weye?"

Alidhani nimepatwa na jambo! Alikuja kuangalia kama mimi ni mzima, na ndipo nilipofanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza.

"Bi Raya, yaani! Nilikwenda mjini mara moja, mvua ikanikutia huko. Ndiyo kwanza naingia."

Macho yake yalikwenda kwenye benchi. Akanyoosha mkono akashika pembe ya shuka lililokuwa juu, akalisugua kidogo kwa vidole, akaliachia. Shuka kavu, linanuka jua. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni mwa benchi anakula mkate.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kazi ya Mungu." Akaondoka.

Zilizosalia alijaribu kuzianika tena, lakini jua lilipotea siku kadhaa na zikaharibika, zikawa zile zinazoitwa mpeta, zimepauka na zinanuka uvundo. Kituo cha kununulia karafuu kikazikataa. Bati halikununuliwa. Mvua za vuli zilipokuja, ukuta wa nyuma ulianguka na kuta nyingine zikafuata. Yeye alikuwa kwa jirani, Mungu alimnusuru, ila nyumba ilikwisha. Kaka yake akaja kumchukua kwenda naye Makangale, kaskazini kabisa. Vitu vyake vyote vilienea nyuma ya gari dogo na nafasi ikabaki. Nilitoka kumuaga, akambusu mwanangu kichwani, akanipa mkono.

Mtoto aliuliza wiki nzima, "Mama, Bibi atarudi lini?" Mume wangu naye akaniuliza jioni moja, "Hivi siku ile hukuwepo kweli?" Nikamwambia sikuwepo. Ona jinsi uongo ulivyoota mizizi!

Desemba ikafika. Akina mama wakaanza kuchanga, nami nikawa nafunga mifuko. Nikafunga mmoja mkubwa kuliko yote, sukari, mchele, mafuta, na kanga nzuri niliyonunua kwa pesa yangu. Nikaenda nao Makangale.

Nilimkuta Bi Raya kwa kaka yake, analala chumba kimoja na watoto wa nyumba ile. Amekonda. Alinipokea vizuri mno, na wema wake ule ndio uliokuwa unanichoma. Akanitandikia mkeka mpya, akaagiza nichemshiwe chai. Nikauweka mfuko mbele yake, na moyo ukanishinda.

"Bi Raya, siku ile nilikuwepo. Niliiona mvua."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikwambie nini? Nilingoja uje weye useme. Nimengoja mpaka nyumba ikaanguka."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Akanywa chai yake kidogo, kisha akaugusa ule mfuko kwa kidole.

"Karafuu ni riziki, imekwenda na maji. Nyumba imeniuma, siwezi kukwambia haikuniuma. Lakini kinachoniuma zaidi ni huu. Kila mwaka waniletea, wanipiga picha, kisha mwaka mzima waniogopa nisije nikakuomba. Miye sikuwahi kukuomba kitu, mwanangu. Nilikuomba siku ile moja tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kweli kabisa! Nilirudi nyuma kichwani miaka yote, nikatafuta siku nyingine aliyoniomba hata chumvi, nikaikosa.

"Nisamehe, Bi Raya."

"Nimekusamehe, na Mungu akusamehe. Hii sukari watakunywa watoto, ahsante. Lakini ukitaka kuja kwangu tena, njoo siku isiyo sikukuu yenu wala yetu. Uje mikono mitupu, tukae."

Krismasi ile nilikataa maiki. Nilisema koo linaniuma. Watu wakaimba, nami nikakaa nyuma na mwanangu nikiwaza kuhusu yule mtoto aliyekosa nafasi. Kila mwaka nimemwekea pambo na taa, na alipokuja mlangoni kwangu akiwa amevaa baibui, akiomba mvua isimpate, nilimfungia pazia.

Sasa ni Machi. Unadhani nimeshakwenda Makangale? Sijakwenda! Wiki hii mtoto ana mitihani, wiki ile kuna kikao cha akina mama, mara barabara mbaya. Ukweli ni kwamba sijui kumwendea mtu nikiwa sina cha kumpa. Nikishika mfuko mimi ndiye mkubwa, najua nisimame wapi na nicheke vipi. Mikono ikiwa mitupu nabaki mimi tu, yule aliyesimama dirishani. Naogopa Bi Raya aniangalie hivyo.

Mara mbili nimeshika kalamu kuandika ungamo hili nikijidanganya kwamba nikiungama kwenu, nyie msionijua, nitakuwa nimemaliza. Sijamaliza.

Dada yangu, kaka yangu unayesoma, nakusihi. Usiwe kama mimi. Usimrundikie mtu wema wa siku moja ukadhani umenunua mwaka mzima wa kutosumbuliwa. Huyo unayempelekea sinia la pilau Desemba, anaumwa Februari, anafiwa Juni, na Agosti anataka tu umsaidie kukunja jamvi. Atakachokuomba siku hiyo kitakuwa kidogo mpaka utakiona ni usumbufu. Kifanye! Toka ulowe! Na kama umeshakosa, sema siku hiyo hiyo, kabla ukuta haujaanguka.

Kesho ni Jumanne, haina sherehe yoyote kwenye kalenda. Nimemwambia mume wangu kila kitu leo mchana, hajazungumza nami tangu hapo. Asubuhi nitampeleka mtoto shule, kisha nitakwenda Makangale bila hata kilo ya sukari. Nimeliandika hapa mbele yenu wote ili nikose pa kukimbilia.