Kumuaga Mama Mkubwa kwa Simu

Mama mkubwa alifia Dar es Salaam, na mama yangu, mdogo wake wa pekee, alikuwa kalala Bukene na nyonga iliyovunjika. Watoto wa marehemu wakamkodi mpiga video arushe mazishi mubashara, nami nikatoka Tabora mjini kwenda kumshikia mama simu. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kumwona dada yake usoni kabla jeneza halijafungwa.

Mimi si mtu wa kutulia. Tangu misa ianze nilihangaika na simu ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikisimama dirishani picha inatembea, nikiisogeza kitandani kwa mama inaganda, kaduara kanazunguka tu. Nikaingia kwenye ubora wa picha, nikashusha mpaka chini kabisa. Video ikaenda, lakini padri akawa doa jeupe na waombolezaji madoa meusi. Nikapandisha kidogo, ikakwama. Nikaiacha simu ijichagulie yenyewe, nayo ikachagua madoa.

"Dada yuko wapi hapo?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Wanaimba."

Niliulaani mnara wa simu, nikalaani na mvua iliyokuwa haijanyesha. Kisha nikageuka nikaitazama nyumba. Kwetu msiba hauachiwi mfiwa peke yake, na majirani walikuwa wamejaa mikekani kutoka chumbani hadi barazani, Wakatoliki kwa Wamoraviani. Karibu kila mmoja alikuwa ameshika simu yake, anatazama mazishi yaleyale. Walikuja kulia pamoja na mama, na huku wakilia wakawa wanagombania naye mtandao kiduchu uliokuwepo.

Utawaambiaje watu waliokuja kukufariji wazime simu? Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Niliporudi mara hiyo, sauti ya kukatikakatika ilikuwa inawaita wanafamilia wasogee kuaga. Nikaropoka kwa ukali ambao sikuukusudia.

"Jamani, samahanini. Naomba tuzime simu zote. Mama hapati picha."

Bibi mmoja wa kwaya alinitazama kana kwamba nimemfukuza, na niliona aibu kwelikweli. Halafu akaizima yake, akaifutika kwenye kanga, na wengine wakafanya vivyo hivyo.

Picha ikaanza kujisafisha yenyewe. Kwanza maua yakawa maua, kisha mistari ya mbao za jeneza ikaonekana. Mpiga video akasogea, na uso wa mama mkubwa ukajaa kwenye kioo. Mashavu yalikuwa yamezama, mifupa ya taya imetokeza. Miezi yote ya ugonjwa wake, yeye na mama walikuwa wakiongea kwa video, kwa mtandao wetu huuhuu wa madoa, na kila wakimaliza mama alitupigia kutuambia kwamba dada yake anaendelea vizuri.

Mama alitazama bila kupepesa macho.

"Kumbe alikonda namna hii," alisema. "Na juzi nimemwambia amenenepa. Akacheka."

Sikuweza kuvumilia. Kidole changu kilikuwa tayari kinatafuta pale pa kushushia ubora, uso ule urudi kuwa doa. Mama akanishika mkono.

"Iache hivyohivyo," alisema. "Nimtazame."