Noel ya Mutobe na Shefu wa Barabara

Noel ile, Krismasi yetu, niliipitisha ugenini, na sikuhitaji pasipoti. Mimi ni mtu wa Kingi, Masisi, kule kwenye baridi, viazi na maziwa. Kutoka kwetu mpaka Walikale ni jimbo moja, lakini ukiteremka msituni, joto linakupokea kama mama mkwe asiyekupenda. Na mimi nilikwenda mbali zaidi: niliingia kambi ya Wachina wanaojenga barabara, ambako toka getini mpaka jikoni ni Kichina kitupu. Hata mbwa wa kambi ukimwita kwa Kiswahili anakuangalia tu.

Nilikuwa mwalimu wao wa Kiingereza. Vipuri vya mashine zao vilitoka Kampala, madereva wa huko hawajui Kifaransa, na mimi nilisomea Uganda. Basi kila jioni tulikaa refektuari, chumba chao cha kulia, wanaume wazima na madaftari yao, tukiulizana habari za hali ya hewa.

Nilitaka kurudi nyumbani kwa sikukuu. Mvua ikakata barabara. Ndiyo, barabara ileile. Wanafunzi wangu wakanipa pole kwa Kiingereza safi kabisa, nikakosa hata la kusahihisha.

Nilipanga chumba kwa Mama mmoja mjane, kiongozi wa kwaya ya wamama kanisani kwake. Huyo Mama alikuwa na kesi na shefu, mkubwa wa kambi, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wangu. Katapila lao lilikuwa limeng'oa miti yake miwili ya ngazi, ile michikichi ya mafuta, kando ya njia, miti iliyopandwa na marehemu mume wake. Fidia alipata. Ila hakuna mtu aliyekuja kusimama mlangoni pake akasema pole.

Kwao shefu, ukimkosea mtu unamtumia zawadi kupitia mtu wa katikati, ili msiaibishane uso kwa uso. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Shefu alituma mfuko wa mchele, Mama akaurudisha. Akatuma mafuta. Mafuta ya dukani, jamani, kwa mwanamke aliyeng'olewa ngazi! Nayo niliyabeba, kwenda na kurudi.

"Mwambie minatafuta yeye," Mama aliniambia. "Siko natafuta muchele."

Sasa, kanisani kwa Mama, kabla ya Meza ya Bwana ya Noel, mashemasi wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza: uko na kinyongo na mtu? Ukisema ndiyo, unakwenda kupatana kwanza, ama hukaribii meza. Na asiyekaribia meza haongozi kwaya. Mtu mwingine angesema hapana, yakaisha. Mama alisema ndiyo, tena akaeleza ni Muchina gani. Wakamwambia apatane naye kabla ya sikukuu. Alikuwa ameongoza kwaya ile tangu mume wake yuko hai. Siku zile alianza nyimbo jikoni akaziacha katikati, na mimi kule chumbani nikamwonea huruma sana.

Nikaenda kwa shefu. Nilimkuta akifunga mti wa plastiki getini, na mbele sijafungua mdomo akaniuliza kama yule mzee wa Noel mwenye ndevu nyeupe ni baba yake Yesu ao ni shefu wa kanisa.

"Achana na mzee," nikamwambia. "Kuna Mama."

Nilimweleza yote: ngazi, mume, kwaya, meza. Aliacha kufunga mti. Halafu akauliza avae shati gani.

Alikuja siku moja kabla ya Noel, alasiri, na shati jeupe lililopigwa pasi na matope mpaka magotini. Alikuwa amekariri maneno yake ya kuomba msamaha kwa Kiingereza, akayasema amesimama wima kama anahojiwa na polisi. Mimi nikatafsiri. Mama alimsikiliza na uso wa mtu anayengoja mvua ipite.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, Mama."

"Bon. Akae."

Akaleta mutobe, maji matamu ya ndizi, ile isiyolewesha. Kwetu sote, Masisi ao Walikale, mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Zaidi sana kama mna kesi. Mgeni mwenye akili anangoja. Mama alimimina vikombe viwili, akamsukumia shefu kimoja. Shefu akakataa kwa mikono miwili. Mama akamsukumia tena. Akakataa tena, na kuinama juu yake.

"Anawaza nimetia sumu?" Uso wa Mama ulikuwa umejikunja.

"Hapana, Mama, kwao kukataa kwanza njo adabu. Mupe tena, nakuomba."

Alimpa tena, kwa shida, na shefu akapokea. Ndipo Mama akainua kikombe chake aonje. Eeh Mungu! Kwa watu wa shefu, mwenye nyumba akikuinulia kikombe, heshima ni wewe kumaliza chako. Midomo ya Mama haijagusa kitu, shefu alikwisha kurudisha kichwa nyuma, mutobe yote ikateremka, akakigeuza kikombe juu chini tuone hakuna hata tone. Mama alibaki na chake hewani.

Mimi nilijua kilichotokea. Nilifungua mdomo nieleze, si ndiyo kazi yangu? Nikaona jinsi Mama anavyomwangalia, nikaufunga.

"Hakungoja nionje," alisema Mama. "Alinikosea, anaingia mu nyumba yangu, anakunywa yote mbele nionje. Muntu anakuamini vile, utamufungia roho namna gani?"

Akamjazia tena. Maskini shefu, hakuna aliyemwambia kwamba kwetu kikombe kitupu kinajazwa. Alikunywa mpaka akalegeza mkanda.

Jioni shemasi alipopita, Mama alimjibu akiwa bado mlangoni: hana kinyongo. Kesho yake aliongoza kwaya, na shefu alikaa benchi la nyuma akipiga makofi pasipo mahali pake. Nilifurahi, nakwambia, mpaka nikasahau viazi vya Kingi.

Baada ya ibada, Mama alileta chakula na mutobe, akajimiminia yeye na mimi. Nikakaa, mikono magotini, nikamtazama. Naye akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "tangu ufike minakupikia, ukigonjwa minakuamkia usiku. Na kila siku unangojaka nionje kwanza. Uyu wa mbali hakungoja."

 Nikachukua kikombe changu, nikakinywa chote kabla hajagusa chake.