Kompyuta Si Kisima cha Mtaa

Antoinette Nzigire, ambaye Mururu nzima humwita Maman Larissa, aliamka Alhamisi ile akiwa na furaha, na kabla ya saa sita furaha ilikuwa imegeuka moto.

Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nyakabuye kumwomba binti yake Larissa. Baba wa Larissa, marehemu Muhigirwa, aliacha kaka mmoja tu, Mzee Munyemana, na huyo yuko Kanada, magoti yamekataa, ndege haipandi tena. Sasa kwa desturi ya kwao binti hutolewa na upande wa baba. Mama hata angezaa kumi, hana kinywa cha kusema "tumewapa." Mjomba naye hana. Ikapangwa Mzee atokee kwenye kompyuta, kompyuta iunganishwe na televisheni kubwa, wakwe wamwone na wamsikie. Asipotokea, wageni wangekula, wangekunywa, wangerudi Nyakabuye bila binti.

Alhamisi hiyo wakafanya jaribio. Mama Mukabera wa kwaya alikuwepo na wenzake, wamekuja kupanga mambo ya chakula. Mzee akatokea vizuri, akasema, "Habari zenu," kisha akaganda, kinywa wazi kama samaki wa sambaza kwenye sinia. Halafu juu ya uso wake wakajipanga wanawake wasio na nguo, wanacheka, na chini yao maandishi: wako karibu nawe, wanakungoja. Kwenye televisheni kubwa.

Mama Mukabera akafanya ishara ya msalaba, ila macho hakuyafumba.

"Maman Larissa," akasema, "na hawa ni mashangazi ya bibi-harusi?"

Antoinette akachomoa waya ukutani.

Hakuhitaji mganga kumwambia ni mkono wa nani. Mdogo wake Mulume, mfanyabiashara wa Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, huvuka mpaka karibu kila siku, na akichoka hupumzika kwa dada yake, mbele ya kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Mzee ndiye aliyeituma, na mwaka wa kwanza ilikuwa ikiwashwa, inaitika. Lakini Mulume aliandika neno la siri kwa kalamu nene akalibandika ukutani, pembeni ya kalenda ya parokia, ili mgeni asipate shida ya kuuliza. Kwao kumnyima mtu kitu kilichopo ni uchoyo, na mchoyo hazikwi na wengi. Basi jirani akija na flash yake kuchukua nyimbo, chomeka. Mtu wa pikipiki akitaka filamu, chomeka. Flash moja iliweza kuvuka mto asubuhi, ikalala kwenye kompyuta ya Bukavu, ikarudi Mururu imebeba maradhi, na hakuna mtu wa forodha aliyeiuliza ina nini tumboni.

Mashine ilipoanza kuwa nzito, maandishi yakatokea: kompyuta yako inaumwa, bonyeza hapa upate dawa. Mulume akabonyeza. Dawa ikaleta dawa nyingine, akabonyeza na hiyo. Na yule mlinzi wa kuzuia virusi aliyekuja na mashine tangu dukani, Mulume alimzima, eti anapiga kelele kila filamu ya bure ikifunguliwa. Mtu amefukuza mbwa kwa sababu anabwekea wezi, halafu anashangaa kuku wamekwenda wapi.

Antoinette akampigia simu Josiane, mwanamke anayetengeneza kompyuta pale Kamembe.

"Niletee," Josiane akasema.

"Siileti popote. Niambie, nifanye mwenyewe. Nimechoka kuguswa-guswa vitu vyangu."

"Sawa, Maman. Masasisho ulifanya lini?"

"Masasisho gani?"

"Zile mise à jour. Inakuambia iko tayari, unafanya nini?"

"Mulume anasema zinakula mega za intaneti. Tunabonyeza 'baadaye.'"

Josiane akacheka mpaka akakohoa. "Filamu zake hazili mega? Maman, mashine isiyosasishwa ni nyumba yenye ufa. Mwizi hahangaiki na mlango."

Akamwelekeza, na Antoinette akakaa mbele ya ile mashine kama mtu anayechambua maharage yenye mawe. Akafungua orodha ya programu. Kila aliyejiita tabibu, msafishaji, mwongeza kasi, akamng'oa. Wengine walimbembeleza: una hakika unataka kuniondoa? Akawajibu kwa sauti, "Nina hakika tangu asubuhi." Waganga watano kwa mgonjwa mmoja, kila mmoja anashika mkono wa mwenzake, mgonjwa atapona lini? Akaondoa na yale yaliyokuwa yanajiwasha yenyewe kila kompyuta ikiamka. Akamrudisha mlinzi wa kwanza kazini, akamwambia apekue kila pembe. Akaacha masasisho yaingie yote, mega ziliwe mpaka zishibe. Mwisho akabandua karatasi ya ukutani akaitupa jikoni motoni, akaweka neno la siri jipya, refu, sentensi nzima ambayo bibi yake alikuwa akiwatukania mbuzi kule Walungu.

Mashine ikawaka upesi mpaka akaitazama kwa mashaka.

Kilibaki kitu kimoja. Josiane alikuwa amesema aingie na ndani ya kivinjari, pale mahali ambapo tovuti zimepewa ruhusa ya kuleta matangazo hata kama hujazifungua, azifute zote. Alikuwa ameifunga mashine kwanza akachochee moto jikoni, ndipo Mulume alipoingia, akaketi, akagusa vitufe, akagusa tena.

"Yaya," akamwita dada yake, "inanikatalia."

"Inakujua."

"Umebadili mot de passe?"

"Neno la siri nimebadili."

"Nipe basi."

"Sikupi."

Mulume akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akasimama. "Mimi ndugu yako wa tumbo moja unanifungia mulango? Bantu watasema nini?"

"Watasema nimechelewa. Mulume, mbele ya Mama Mukabera umeniletea wanawake uchi juu ya uso wa shemeji yangu. Ukitaka kutazama kitu, nitafungua mimi, utatazama, nitafunga mimi. Na flash yako ibaki mfukoni."

"Basi Jumamosi mutafute muntu mwengine wa kusema." Maana yeye ndiye aliyechaguliwa msemaji wa familia mbele ya wakwe.

"Nitamtafuta. Bukavu imewahi kupungukiwa midomo?"

Akaondoka bila kunywa chai. Antoinette naye, kwa hasira, akafunika kompyuta akaenda kumenya ndizi, na kile kitu kimoja kikabaki hivyo hivyo.

Jumamosi Mulume alikuja, suti imepigwa pasi, tai nyekundu. Angekufa kuliko kusikia mwanaume mwingine akisema mahali pake. Hakumsalimia dada yake. Lakini alisema vizuri, akawabana wakwe, akawachekesha, akawauliza kama Nyakabuye wasichana wameisha mpaka wapande milima. Saa ya kutoa ikafika. Antoinette mwenyewe akafungua kompyuta, na Mzee Munyemana akajaa kwenye televisheni, koti jeusi, kofia, uso mkali, sauti safi kama yuko chumba cha pili. Watu wakapiga makofi.

Mzee akasafisha koo. Akaanza kutaja ukoo, baba, babu, vilima walivyotoka. Na hapo, pembeni ya kioo, kikachomoza kisanduku chekundu: virusi vitano vimepatikana, bonyeza sasa.

Antoinette alikiona. Mulume naye alikiona, na ndiye aliyekuwa karibu. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya, kwa moyo mwema kabisa, kama mtu anayekimbilia sufuria inayofurika.

Kofi lilisikika mpaka uani.

Mulume alishika mkono wake kifuani. Antoinette akakifunga kile kisanduku kwenye alama yake ya kufungia, taratibu, bila kukibonyeza tumboni, akarudi nyuma hatua. Mzee alikuwa bado yupo, anasema. Hakuganda.

Msemaji wa wakwe, mzee mwembamba mwenye fimbo, akainuka. "Tunaomba kuuliza. Tumekuja kuomba binti, tumekuta mama anapiga msemaji wake. Na binti naye iko hivi?"

Wageni wakaangaliana. Mulume, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu, alikuwa bado anasugua mkono. Ndipo sauti ikatoka Kanada.

"Binti tumewapa," Mzee Munyemana akasema. "Tumewapa kwa moyo mmoja. Na mkono wa mama yake mmeshauona. Kila mtu sasa anajua la kufanya."

Kelele za furaha zikapasua nyumba. Larissa akatolewa chumbani, kwaya ikashika wimbo, Mama Mukabera akawa wa kwanza kucheza. Mulume alicheka kwa shingo upande, akaenda kuketi mbali, karibu na kreti za Fanta.

Antoinette hakucheka. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akiwa na kilemba chake cha sherehe, akaingia ndani ya kivinjari mpaka mahali Josiane alipomwambia. Tovuti zilikuwa zimejipanga kama foleni ya mpakani, zote zimepewa ruhusa na kidole cha mdogo wake. Akazifuta moja moja, midomo imebana, huku wakwe wakipita nyuma yake kumpongeza na yeye akiwajibu "asante" bila kugeuka.