Punje ya Sita Langoni

Tuliotoka siku hiyo tulikuwa nyanya yangu mzaa baba, mama yangu, shangazi yangu ambaye hakuwa ameolewa bado, jirani yetu mjane aliyekaa mlango wa pili, na mimi, msichana wa meno ya mbele yanayoota. Majina yao yote ninayo, hata la homugadi wa langoni, yule mlinzi mwenyeji aliyewekwa na serikali ya wakoloni, lakini wameacha wajukuu, kwa hivyo nayanyamazia.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau waliokuwa msituni, huku Embu. Tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu tukakusanywa kijiji kimoja, nyumba zimebanana, na handaki limezunguka pande zote, ndani yake miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Shambani tulienda kwa ruhusa, saa chache tu, na filimbi ya jioni isikukute nje. Mama alinifundisha: usiache njia, usikimbie ukiona askari, usiokote kitu usichokijua. Niliyashika hayo kuliko hata maombi.

Homugadi wetu hakujua kuandika. Tena alikuwa mtu wa kwetu, alijua watu hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole, wala hawatajwi idadi yao kamili; kufanya hivyo ni kuwaitia mabaya. Basi alitafuta mikebe. Kikundi kikitoka, mkubwa wao anaweka mkebeni punje za njahi, yale maharagwe meusi, moja kwa kila mtu. Mkirudi kila mmoja anatoa yake. Mkebe ukibaki mtupu, mmeingia wote.

Tulichimba viazi vitamu, tukarudi jua likiwa bado juu. Nyanya akatoa punje yake, mama, shangazi, jirani, na mimi. Homugadi akatikisa mkebe. Ukalia.

"Cucu, mmoja yuko wapi?" Cucu ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

Nyanya akapangusa udongo wa viazi mikononi.

"Nakuuliza, Cucu. Nani amebaki? Amepelekea watu wa msituni chakula?"

Mama akaketi chini na kiondo chake mgongoni. Baba alikuwa kizuizini tayari, na ruhusa ya siku hiyo ilikuwa kwa jina la mama. Ikisemwa kuna mtu tumemwacha msituni, ni yeye angechukuliwa.

"Tuko wote, mwanangu," jirani akasema. "Si unatuona?"

"Nawaona. Lakini punje haisemi uongo."

"Basi iulize yenyewe ilikotoka," shangazi akasema. Alikuwa na mdomo, huyo. Mama akamfinya mguu.

Nyanya akasema polepole, macho chini, "Niliweka moja zaidi."

"Kwa nini?"

"Wewe mama yako akiulizwa ana watoto wangapi, alikuwa anasema ukweli?"

Homugadi akajikuna shingo. "Alikuwa anasema wanane. Tulikuwa saba."

"Na mlikua wote?"

"Tulikua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini Cucu, hii ni kazi. Utaniua."

"Mimi nilikuwa nawalinda hawa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa huo mkebe wako."

Hapo tukaona mkubwa wake anakuja kando ya handaki, filimbi inaning'inia kifuani. Homugadi akaangalia punje, akamwangalia mama pale chini. Akaitia mdomoni akaitafuna. Njahi mbichi, kavu! Nilisikia ikivunjika.

"Hawa wameingia wote?"

"Wote, Bwana." Akapindua mkebe aonyeshe.

Shangazi akamwinua mama, tukaingia. Tangu siku hiyo nyanya alimwachia mama kuweka punje, yeye akageuka kuangalia upande mwingine.

Shangazi alibisha mpaka uzee wake kwamba homugadi hakutafuna kitu, aliitupa tu handakini. Mimi nasema nilisikia meno. Lakini nilikuwa mdogo, na mwenye hofu. Walikuwepo wanawake nyuma yetu na mizigo ya kuni wakingoja zamu. Kama mmoja wenu yuko hai, au aliwasimulia watoto wake, mniambie kati yetu wawili ni nani aliyekosea. Sitakasirika.