Ripoti Yangu Chini ya Mizani

Leo nimeona ripoti yangu ikitumika. Karibu nilie.

Mwaka jana tulifanya utafiti kwa kliniki moja huku mtaani Woodley. Tukaandika kwamba watoto wachanga wanapimwa uzito uchi kando ya mlango, wanashikwa na baridi. Pendekezo la kwanza: sogezeni mizani hadi kona iliyo mbali na mlango. Hatua nne tu, nilizihesabu mwenyewe.

Asubuhi nimerudi kuangalia.

Mizani iko pale pale mlangoni.

Sista mkuu akanikumbatia. "Daktari, tulisoma yote, na ni ukweli. Lakini kuhamisha kitu ya serikali inataka barua, na barua haijakuja."

(Mimi si daktari. Nilichoka kumrekebisha.)

Halafu nikaangalia chini ya mguu wa meza ya mizani. Jalada la bluu. Jina langu.

"Hiyo imetusaidia sana," akasema. "Meza ilikuwa inayumba."

Mlango ukafunguliwa. Mtoto aliyekuwa kwa mizani akatetemeka.

Nikitoka, nikaletewa kitabu cha wageni. Kwa sehemu ya maoni nikaandika, "Kazi nzuri."

Nyinyi mngeandika nini?