Mto Usiopanda

Ngaire Pethybridge alikuwa na miaka hamsini na tatu alipoachiwa programu ya kutahadharisha mafuriko ya Mto Waitoro, pwani ya magharibi. Aliyeiandika alikuwa amehamia Perth, ng'ambo ya bahari, wala hapokei simu. Ilijengwa kwa vipande vidogo visivyogusa chochote cha nje: kipande kinapokea namba, kinarudisha jibu, basi. Kazi nzuri. Ila msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, na majaribio ya kuukagua vilirundikwa folda moja, na kila faili liliweza kuazima kwa jirani. Hilo lilimkosesha raha tangu siku ya kwanza.

Mvua ilipoingia siku ya tatu, akaamua kuvitenganisha. Hesabu akazipa folda yake, milango ya kupokea vipimo vya mto folda yake, majaribio na vifaa vyake folda yake. Kisha akaweka sharti kwamba programu yenyewe isione kabisa folda ya majaribio.

"Shangazi, majaribio yote yanapita," alisema Tavita, kijana Msamoa aliyeshirikiana naye ofisi, akimwita hivyo kwa heshima tu. "Unahangaika na kabati, nyumba haina neno."

"Hilo ndilo linalonitisha. Mto gani huu, mvua siku tatu, na kwenye skrini haujapanda hata kidole?"

Akaijenga upya programu. Ikagoma, mahali pamoja tu: kipande cha kusoma kina cha mto kilikuwa kinaazima kutoka folda ya majaribio. Aliusoma mstari ule mara mbili, kisha akalifungua faili lililoazimwa. Mle ndani mlikuwa na mto wa bandia, uliotungwa kwa kujaribia tu, usiojua jibu jingine ila mita mbili. Miezi kumi na moja, tangu programu ianze kazi, mji mzima ulikuwa ukitegemea mto huo.

"Tavita, nenda darajani ukaangalie kwa macho yako."

Hazikupita dakika kumi, simu ikalia.

"Shangazi," Tavita alisema kwa sauti ya chini, "maji yameshagusa mbao za daraja. Mengine yamepita nyuma, shambani kwa Crozier."

Ngaire akawapigia zimamoto. King'ora kikalia saa nane mchana, watu wakapanda kilimani na mbwa wao na mablanketi. Alby Crozier, mfugaji, walimtoa juu ya paa la banda la kukamulia. Ng'ombe wake arobaini walikwenda na maji. Hakumlaumu Ngaire kwa neno, ila tangu hapo akimwona mbele yake huvuka barabara.

Jumatatu Ngaire alitafuta kazi nyingine za yule bwana wa Perth. Alizikuta nne, za mito minne, zote zikitumika. Akaifungua ya kwanza, akaanza kuutafuta mto wa bandia. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.